Kudai gharama baada ya kushinda shauri la ardhi: uchambuzi wa kisa kutoka Mkoa wa Mtwara

Kisa hiki kinahusu shauri lililosikilizwa katika Baraza la Ardhi na Nyumba la mojawapo ya wilaya za ndani za Mkoa wa Mtwara, na baadaye katika Mahakama Kuu, Masjala Ndogo ya Mtwara. Majina, kijiji, tarehe na namba za majalada vimeondolewa. Hoja za umiliki wa shamba zimeguswa kwa ufupi tu, kwa sababu kinachochambuliwa ni yale yaliyofuata baada ya Baraza kutamka maneno ambayo wadaawa wengi huyachukulia kuwa ndiyo mwisho wa safari: "maombi yanatupwa kwa gharama", yaani aliyeshindwa amlipe mshindi gharama za kuendesha shauri.

Mazingira ya shauri

Mjibu maombi alikuwa mwalimu mstaafu, mwanamke, aliyerithi kwa baba yake shamba la mikorosho la ekari 7. Hapa tutamwita Mwalimu. Mleta maombi alikuwa mfanyabiashara wa mazao aliyedai kuwa aliuziwa shamba hilo na marehemu kaka yake Mwalimu. Usuluhishi katika Baraza la Kata ulishindikana, na kwa kuwa tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 mabaraza ya kata yamebaki na kazi ya kusuluhisha tu, mfanyabiashara alipewa hati ya kushindikana kwa usuluhishi na kufungua maombi katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Mwalimu aliweka wakili kutoka Mtwara mjini. Walikubaliana ada ya shilingi 4,500,000 kwa hatua ya Baraza, ilipwe kidogo kidogo. Malipo matatu yalipita kwenye simu na mengine yalitolewa mkononi ofisini au kwenye viunga vya Baraza. Risiti ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kodi, ilitolewa kwa awamu ya mwisho pekee. Wakili alisafiri kwa basi kila shauri lilipopangwa na mara nyingine alilala huko, huku Mwalimu akiwasafirisha mashahidi kutoka kijijini kwa bodaboda na kisha kwa Hiace, fedha zote zikitoka katika kiinua mgongo chake.

Shauri lilichukua zaidi ya miaka miwili. Liliahirishwa mara nyingi, na sehemu kubwa ya maahirisho hayo ilisababishwa na mleta maombi au mashahidi wake kutofika. Wakili wa Mwalimu aliomba mara mbili kwamba maahirisho hayo yasipite bure. Ombi la kwanza lilikataliwa. La pili lilikubaliwa, na Mwenyekiti wa Baraza akamwamuru mleta maombi alipe shilingi 100,000 kabla ya tarehe inayofuata. Fedha hizo zililipwa asubuhi ya tarehe hiyo, mbele ya karani. Katika kisa chote hakuna gharama nyingine iliyopatikana kwa urahisi wa namna hiyo.

Amri ya gharama na uamuzi wa kuwasilisha bili

Katika mawasilisho ya mwisho wakili alitenga aya mbili kuzungumzia gharama peke yake. Alikuwa na sababu. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kwa namba za toleo la mwaka 2019, kinaziacha gharama katika hiari ya mahakama, lakini kinaitaka mahakama itoe sababu kwa maandishi pale inapoamua kwamba gharama zisifuate matokeo. Pamoja na hayo, katika migogoro ya ardhi inayogusa ndugu au majirani, mabaraza huelekea kuamuru kila upande ubebe gharama zake ili kutuliza uhasama. Wakili aliona hatari hiyo mapema. Akaonyesha kwamba mleta maombi si ndugu wala jirani, na akaorodhesha tarehe za maahirisho yaliyosababishwa naye. Baraza liliyatupa maombi na kumpa Mwalimu gharama.

Hapo ndipo mazungumzo ya kwanza yaliyokuwa na uzito yalipofanyika kati yao. Mwalimu alikuwa amechoka na alisita kuendelea. "Mwanangu, shamba limerudi, tukimdai na fedha si ndiyo tunamchokoza akate rufaa?" Wakili alimjibu kwamba mtu mwenye nia ya kukata rufaa atakata, akidaiwa au asipodaiwa, na kwamba muda hautawasubiri. Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Amri ya Malipo ya Mawakili ya mwaka 2015, yaani Tangazo la Serikali Na. 264, inampa mshinda tuzo, yaani aliyeshinda shauri, siku 60 tangu tarehe ya amri ya gharama kuwasilisha bili yake, yaani orodha ya gharama anazodai, na rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji wa uamuzi unaolalamikiwa. Mfanyabiashara alikata rufaa ndani ya siku 45 alizopewa na sheria. Bili iliwasilishwa siku ya 57.

Baraza liliona ni busara kutosikiliza bili hiyo hadi rufaa iamuliwe. Kwa Mwalimu ucheleweshaji huo ulikuwa wa kuudhi, lakini haki yake ilikuwa tayari imelindwa, kwa sababu kinachohesabiwa ndani ya siku 60 ni kuwasilisha bili, si kusikilizwa kwake.

Bili yenyewe

Bili ilikuwa ya jumla ya shilingi 11,460,000. Ndani yake kulikuwa na ada ya uwakili 6,000,000, mahudhurio 26 ya wakili 1,560,000, usafiri na malazi yake 1,900,000, usafiri na posho za mashahidi wanne 720,000, gari la kulipeleka Baraza shambani 350,000, ada za Baraza pamoja na uchapaji na nakala 430,000, na gharama za kuandaa bili na kuisimamia 500,000.

Msomaji ataona mara moja kwamba ada iliyodaiwa ilizidi ile iliyokubaliwa kwa shilingi 1,500,000. Wakili alimweleza mteja sababu yake waziwazi, akiwataja wakadiriaji, yaani maofisa wanaoipima bili na kuamua kiasi cha kulipwa: "Mama, wakadiriaji hukata nusu. Tukiandika tulicholipa, tutapata nusu ya tulicholipa." Wapo mawakili wengi wanaofikiri hivyo, na si kwa sababu ya ulafi. Ni hesabu ya mtu anayetarajia kukatwa, kama muuza samaki wa feri anayetaja bei ya juu akijua mnunuzi ataishusha. Kasoro yake ni kwamba katika ukadiriaji wa gharama bei ya juu ina adhabu yake.

Rufaa na bili iliyopotea

Rufaa ilitupwa na Mahakama Kuu, nayo kwa gharama. Kwa kazi ya rufaa Mwalimu alikuwa amekubaliana na wakili wake shilingi 1,500,000 zaidi, na mpaka wakati huo alikuwa amelipa 900,000.

Mara tu uamuzi wa rufaa ulipotoka, wakili alielekeza nguvu kwenye bili iliyokuwa ikingoja katika Baraza. Mwalimu aliamini, na inaonekana hata karani wa ofisi ya wakili aliamini, kwamba gharama za rufaa zingeunganishwa humo. Haiwezekani. Gharama za kila ngazi hukadiriwa katika ngazi iliyozitoa: za Baraza mbele ya Mwenyekiti wake, za Mahakama Kuu mbele ya Naibu Msajili. Kosa lilipogunduliwa na bili ya rufaa kupelekwa masjala, siku 60 zilikuwa zimepita kwa wiki mbili hivi. Bili ikaondolewa kwa kuwa nje ya muda.

Njia moja ilikuwa imebaki, nayo ni kuomba kuongezewa muda kwa kuonyesha sababu za msingi. Waliitafakari na kuiacha. Sababu pekee iliyokuwapo ilikuwa uzembe wa ofisi ya wakili, na uzembe wa wakili kwa kawaida haukubaliki kuwa sababu ya msingi. Isitoshe, maombi hayo yangehitaji kiapo, safari na huenda mabishano ya kisheria, na yakishindwa yangeweza kutupwa kwa gharama dhidi ya Mwalimu mwenyewe.

Ukadiriaji mbele ya Mwenyekiti

Wakili wa mfanyabiashara alipinga karibu kila kipengele. Hoja yake kubwa ilihusu ada ya uwakili: kwamba bila risiti za EFD hakuna uthibitisho kuwa ililipwa, hivyo ifutwe yote. Mwenyekiti aliikataa hoja hiyo. Mahakama ya Rufani ilikwishaeleza mwaka 2021 kwamba ada ya uwakili haihitaji kuthibitishwa kwa risiti, vocha au mkataba wa malipo, kwa sababu mkadiriaji huifikia kwa kutazama viwango vilivyowekwa na sheria na uzito wa shauri lenyewe. Hata hivyo, Mwenyekiti alipopima uzito huo aliona shauri la mashahidi wachache, nyaraka mbili na swali moja la kisheria, akatoa 3,000,000.

Kwenye mahudhurio, mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za Baraza za kila kikao, ulionyesha kuwa wakili alifika mara 19. Mara nyingine 7 zilizodaiwa zilikuwa tarehe ambazo Mwalimu alifika peke yake, au Mwenyekiti hakuwapo na wadaawa wakapangiwa tarehe na karani. Zilikubaliwa 19 kwa shilingi 50,000 kila moja, yaani 950,000. Usafiri na malazi vilishuka hadi 620,000, kiasi kilichokuwa na tiketi za basi, na malazi yote yakakatwa kwa kukosa risiti ya nyumba ya wageni hata moja. Mashahidi watatu waliotoa ushahidi walipewa 480,000 kwa kutumia taarifa iliyosainiwa, wa nne hakupewa kitu kwa kuwa hakupanda kizimbani. Gari la kwenda shambani lilikubaliwa lote, kwa sababu lilikodiwa kwa idhini ya Baraza na risiti yake ilikuwa ndani ya jalada. Ada za Baraza za 60,000 zilikubaliwa, na nakala zikapewa 90,000.

Jumla ilikuwa 5,550,000. Gharama za ukadiriaji wenyewe, zile 500,000, zilifutwa zote, na sababu yake inastahili aya ya peke yake katika uchambuzi.

Mwalimu alitaka kulipeleka suala hilo kwa Jaji ndani ya siku 21 zinazoruhusiwa. Wakili alimshauri asifanye hivyo, na ushauri huo ulikuwa mzuri. Tangu shauri la Premchand Raichand Limited dhidi ya Quarry Services of East Africa Limited la mwaka 1972, mahakama za ukanda huu zimeshikilia kwamba Jaji haingilii kiwango kilichotolewa na mkadiriaji kwa sababu tu yeye angetoa kingine. Huingilia pale kanuni isiyo sahihi ilipotumika, au kiwango kilipokuwa kikubwa au kidogo kupita kiasi.

Kuzipata fedha

Maombi ya kukaza hukumu, yaani kuitekeleza kwa nguvu ya sheria, yaliwasilishwa, na mfanyabiashara akapewa siku 14 za kutii. Hakulipa. Pikapu aliyokuwa akiiendesha ilisajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Nyumba yake ilikuwa ile anayoishi na familia yake, na sheria inaikinga nyumba ya namna hiyo isikamatwe. Dalali wa Baraza, ambaye kazi yake ni kukamata mali za wadaiwa, alipoulizwa alitaka malipo ya awali kabla ya kutoka ofisini.

Mwalimu ndiye aliyeleta jibu. Alijua kwamba mfanyabiashara alikuwa na shamba lake jingine la mikorosho na kwamba huuza kupitia AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, ya kijiji jirani. Chini ya mfumo wa stakabadhi ghalani, korosho huuzwa kwa mnada chini ya chama kikuu cha ushirika, na malipo ya mkulima hupitia akaunti yake ya benki. Wakili alisubiri. Badala ya kuomba amri mwezi Julai, wakati akaunti ingekuwa tupu, aliomba amri ya kuzuia fedha zilizo mikononi mwa benki baada ya minada ya mwanzo kuanza mwezi Oktoba. Benki ilijibu kwamba akaunti ilikuwa na salio, na shilingi 3,100,000 zikapatikana.

Kwa deni la 2,450,000 lililobaki, iliwasilishwa hati ya kumtaka mdaiwa aeleze kwa nini asipelekwe kifungo cha madai, yaani kufungwa kwa kutolipa deni. Njia hii humtaka mshinda tuzo aweke fedha za kumtunza mfungwa, na Mwalimu hakuwa tayari kuziweka, jambo ambalo upande wa pili haukulijua. Kabla ya tarehe ya kusikilizwa, mfanyabiashara alimtuma mzee mmoja wa kijijini. Walikubaliana alipe 2,000,000 kwa awamu mbili na Mwalimu asamehe 450,000. Makubaliano yaliandikwa, yakasainiwa na kusajiliwa katika jalada. Awamu zote mbili zililipwa.

Uchambuzi

Jambo linalofundisha zaidi katika kisa hiki ni zile 500,000 zilizofutwa. Amri ya 48 ya Amri ya Malipo ya Mawakili inasema kwamba bili ikikatwa zaidi ya moja ya sita ya jumla yake, bila kuhesabu ada za mahakama, aliyeileta hapati gharama za ukadiriaji. Tuitoe ada ya 60,000 katika bili ya 11,460,000. Zinabaki 11,400,000, na moja ya sita yake ni 1,900,000. Kilichokatwa, hata bila kuzihesabu hizo 500,000 zenyewe, kilikuwa 5,410,000.

Tuchukulie sasa kwamba wakili angeandika ada ya 3,500,000, mahudhurio 19 kama yalivyo katika mwenendo kwa shilingi 50,000 kila moja, usafiri wa 700,000, mashahidi watatu tu, gari, ada na nakala zenye uthibitisho, na zile 500,000 za ukadiriaji. Bili ingekuwa 6,630,000. Mwenyekiti yuleyule, akitoa viwango vilevile, angekata 580,000, ilhali moja ya sita ingekuwa 1,095,000. Mlango wa gharama za ukadiriaji ungebaki wazi, na Mwalimu angeweza kuondoka na 6,050,000 badala ya 5,550,000. Kwa maneno mengine, bili iliyo ndogo kwa karibu shilingi milioni tano ingeleta fedha zaidi.

Kuna jambo jingine ndani ya hesabu hiyo ambalo wateja hulipokea kwa shida. Hata kama bili ingedai ile 4,500,000 iliyolipwa kweli, huku vipengele vingine vikibaki kama katika mfano huo, bili ingekuwa 7,630,000 na makato 1,580,000, yaani zaidi ya moja ya sita. Mkataba wa mteja na wakili wake ni jambo lao wawili. Gharama anazorudishiwa mshindi na mshindwa hupimwa kwa kipimo kingine: kiasi ambacho ni haki kumbebesha mtu ambaye hakuwapo mlipokuwa mkipatana bei. Hukumu ile ya mwaka 1972 ilieleza uwiano wenyewe, kwamba mshindi afidiwe ipasavyo, lakini gharama zisipande hadi mahakama ziwe mahali pa matajiri tu, viwango vifanane kadiri inavyowezekana, na malipo yawe ya kutosha kuwavuta watu kuingia katika kazi ya uwakili. Wakili angemweleza mteja hayo siku ya kwanza, Mwalimu asingeingia kwenye ukadiriaji akiamini kwamba kila shilingi itarudi.

Hoja ya "wakadiriaji hukata nusu" nayo haikuthibitika katika kisa hiki. Mwenyekiti hakukata nusu kwa mazoea. Vilivyokuwa na uthibitisho, kama gari la kwenda shambani na ada za Baraza, havikuguswa. Vilivyokosa uthibitisho, kama malazi, vilitoweka vyote. Tofauti iliundwa miaka miwili kabla ya ukadiriaji, pale risiti ya gari ilipowekwa kwenye jalada na ile ya nyumba ya wageni ilipoachwa kaunta. Mahudhurio 7 yaliyokataliwa yalikuwa na madhara zaidi ya fedha, kwa sababu kipengele kinachopingana na mwenendo wa shauri humfanya mkadiriaji avitilie shaka hata vipengele vya kweli.

Yaliyofanywa vizuri hayapaswi kufunikwa na kasoro hizo. Kuomba gharama za maahirisho shauri likiendelea, kuzijengea hoja katika mawasilisho ya mwisho, kuwasilisha bili bila kuingoja rufaa, na kukataa kwenda kwa Jaji kwa hasira, yote yalikuwa maamuzi sahihi yaliyofanywa kwa sababu sahihi. Uamuzi wa kungoja msimu wa korosho ndio uliogeuza karatasi kuwa fedha, na haukutokana na sheria bali na mteja aliyeijua hali ya mdaiwa wake. Mawakili wa kusini wanaofungua jalada la kukaza hukumu bila kumuuliza mteja mdaiwa anauza nini, wapi na mwezi gani, huishia kumlipa dalali azunguke bure.

Kuhusu msamaha wa 450,000, wapo watakaouona kuwa udhaifu. Mwandishi hauoni hivyo. Kifungo cha madai kingemtaka Mwalimu atoe fedha zaidi, na mdaiwa aliye kifungoni hauzi korosho.

Bili ya rufaa iliyopotea ilimalizwa kati ya Mwalimu na wakili wake bila mashtaka. Shilingi 600,000 za ada ya rufaa ambazo zilikuwa hazijalipwa zilifutwa kwa barua, na ofisi ya wakili ikaanza kuandika siku ya 60 kwenye jalada la kila shauri lililoshinda kwa gharama, katika kila ngazi, siku ileile hukumu inapotolewa.